Mbegu ya Kike Inang'aa Zaidi

Njombe, shamba la nguruwe
10 Agosti 2024

Mama Elieth,

Mimi ni mzima isipokuwa mgongo. Habari za mgongo nilikuandikia kwenye barua mbili zilizopita, leo naziruka.

Bado tumefungiwa. Tangu homa ya nguruwe iue kundi zima la jirani, tajiri alifunga geti. Simu zetu ziko kwa mlinzi. Anayeingia anaoga na kubadili nguo mpaka ya ndani, anayetoka harudi tena kazini. Leo ni siku ya hamsini na tatu. Barua zinatoka na lori la chakula cha nguruwe mpaka stendi, na zako zikifika zinapuliziwa dawa kabla sijapewa, ndiyo maana wino wako huwa umetambaa. Neno nisiloliona nalibuni. Kwa hiyo kandamiza kalamu.

Sasa nina jambo la kukiri. Nilikuambia mimi ni mtunza stoo. Stoo naiona kwa mbali. Kazi yangu ni kukamua madume. Kuna kigogo kimevishwa ngozi, dume linakipanda likidhani ni jike, na mimi nimechuchumaa pembeni na glovu na chupa yenye kitambaa cha kuchujia. Linachukua dakika kumi, siku nyingine kumi na tano, linakoroma, nami siruhusiwi kubadili mkono. Mgongo unatoka hapo. Wenzangu wananiita Bwana Harusi. Nimekuficha mwaka mzima kwa sababu najua kaka Zablon angenitangaza vipi kilabuni. Cheka, lakini usimsomee mama.

Mwezi wa tano ililetwa mashine ya majaribio. Iko chumba ambacho hata tajiri anavua viatu. Mbegu zinapakwa rangi, zinapita moja moja kama ng'ombe kwenye josho, zinamulikwa. Ile ya kike inang'aa zaidi kidogo, mashine inaisukuma upande wake. Ya kiume inakwenda upande wake. Inafanya hivyo kutwa, na kinachopatikana jioni hakijazi kijiko. Halafu zinagandishwa kwenye mirija midogo, ndani ya mtungi unaotoa moshi mweupe wa baridi. Mbegu ya nguruwe haina uvumilivu kama ya ng'ombe. Ukiiweka kwenye friji ya soda inakufa. Ukiishusha polepole, hatua kwa hatua, mpaka kwenye baridi kali kuliko zote, inalala. Wiki iliyopita tulipandikiza majike kumi kwa mrija mrefu unaofika ndani kabisa, maana mbegu zilizopita kwenye mashine ni chache na zimechoka, haziwezi safari ndefu. Zikishika, yatazaa mwisho wa Novemba.

Kilichonishangaza ni kwamba huku jike ndilo linalotafutwa. Dume moja linatosha kundi zima, majike ndiyo shamba linayoyategemea. Mbegu za kiume zinamwagwa kwenye sinki. Nimezimwaga mimi mwenyewe. Nilipofungua maji nikakumbuka siku aliyozaliwa Tabitha, msichana wetu wa nne, ulivyogeukia ukuta, na mimi nikatoka nje nikajifanya natafuta kamba ya mbuzi. Sikukuambia kitu siku ile. Hata sasa sijui kwa nini.

Kuna jambo Daktari Eunice, yule anayeongoza mashine, aliniambia kuhusu mbegu. Nitalisema tukionana. Si la barua.

Wabusu Elieth, Regina, Mogesi na Tabitha.

Kisyeri


Nyamwaga
31 Agosti 2024

Baba Elieth,

Barua yako niliichukua dukani kwa Mwajuma. Aliishika kwa ncha za vidole viwili akasema, "Chukua kitimoto chako, Ghati, kabla sijatia udhu mara ya pili." Yeye alicheka. Mimi nilisoma mpaka mwisho na sikucheka.

Unaniandikia habari za nguruwe wakati hapa nyumbani zizi la kaka yako lina ng'ombe wanne wa mahari ya mtoto wako.

Zablon anasema umekubali. Nilimwambia mwongo. Nikamwuliza mama mkwe, akasema alisikia kwa masikio yake, simu ilikuwa imewekwa sauti kubwa, na wewe ukasema sawa. Nilimwuliza mara mbili. Mama yako ana mengi lakini sijawahi kumkamata kwa uongo.

Naandika jambo lenyewe kwa kirefu ili uone ulichokubali. Wanasema nyumba yangu haina mtoto wa kiume, kwa hiyo nioe. Nyumba ntobhu. Nioe msichana, nimchagulie mwanaume wa kumzalisha, na mtoto wa kiume akipatikana awe wa nyumba yangu, aitwe kwa jina lako. Msichana ameshapatikana, anaitwa Robhi, ana miaka kumi na tisa. Na ng'ombe wa kumwolea Robhi watatoka kwa Elieth. Elieth ataolewa na Daudi wa Sirari, yule mwenye malori, shule ikifungwa Desemba. Kidato cha nne asahau. Daudi ametanguliza hao wanne, wengine watafuata.

Sina ugomvi na nyumba ntobhu. Shangazi yangu alioa, wakazeeka pamoja kama dada, na wajukuu ukumbini. Lakini shangazi alioa kwa ng'ombe wake, kwa hamu yake. Mimi sijamwambia mtu kwamba nimepungukiwa. Nilipoulizwa una watoto wangapi nimejibu wanne. Anayehesabu akapata sifuri ni nani?

Robhi aliletwa hapa nimwone. Akakaa kwenye kigoda, akaniuliza, "Mama, huyo mwanaume utakayenichagulia, ni mzee?" Nikampa uji.

Elieth hajui. Anadhani ng'ombe ni wa baba yake mkubwa. Kila jioni akitoka shule anawakatia majani.

Nimekandamiza kalamu mpaka karatasi imetoboka. Usinibunie neno hata moja. Ulisema sawa au hukusema?

Ghati


Njombe
9 Septemba 2024

Mama Elieth,

Nilisema sawa. Ilikuwa sawa ya mabati!

Nakueleza ilivyokuwa, na kama ninadanganya nipigwe na radi humu humu bandani. Mwezi wa saba mlinzi aliniita getini, simu kutoka nyumbani, nina dakika mbili, nisiiguse, yeye anaishika. Nimesimama na mabuti ya mavi. Zablon akasema, "Mura, tunataka kuisimamisha nyumba yako. Imekaa vibaya, watu wanasema." Mimi nikafikiri ni ile nyumba! Si nilikuwa nimeagiza mabati, nawe uliniandikia mvua inaingia? Nikasema sawa, isimamisheni, msiningojee mimi. Nilisema msiningojee, Ghati. Nikaongeza kwamba upande wa jikoni msiusahau. Nikasikia anacheka na mtu nyuma yake anacheka. Nikadhani ni furaha ya kusikia sauti yangu.

Hilo ndilo kosa langu. Mkurya mzima nimesahau kwamba kwetu nyumba ni mwanamke kwanza, ukuta baadaye. Ukikaa na nguruwe mwaka mzima kichwa kinakuwa cha bati.

Elieth haolewi. Nimemwandikia Zablon leo leo, ni neno hilo hilo moja, awarudishe ng'ombe. Ningekuja mwenyewe lakini nikivuka geti kazi imekwisha, na ada ya Elieth ya kidato cha nne nitaitoa wapi? Nimewaza sana juu ya hilo. Nikija kumwokoa nitakuwa nimemfukuzisha shule kwa mikono yangu.

Unaniona mwoga. Inawezekana. Lakini mwambie mtoto. Asiwakatie tena majani wale ng'ombe.

Kisyeri


Nyamwaga
20 Septemba 2024

Mdogo wangu Kisyeri,

Barua yako imefika. Umeandika kwa hasira kama mtu aliyeshiba. Sitakujibu kwa hasira.

Sawa ni sawa, mura. Hakuna sawa ya mabati na sawa ya ng'ombe. Mwanaume akishatamka mbele ya mama yake amekwisha kutamka. Daudi ameshaambiwa, wazazi wa Robhi wameshaambiwa. Unataka nikaseme nini, kwamba mdogo wangu alikuwa anafikiria misumari?

Unadhani nakutafuna. Mimi nina wavulana watano, sikuombi kitu. Baba alipokuwa anakata roho alinishika hapa kwenye kifundo cha mkono akasema, "Kisyeri asipotee." Nakutengenezea mtu wa kukaa mahali pako. Mama mwenyewe alizaa wasichana watano kabla yangu. Alivumilia hakuandika barua, na mimi nikaja, na baada yangu wewe. Mkeo amefika wanne akafunga duka, na sasa ananijibu mbele ya watoto wangu.

Kikao ni Jumamosi tarehe 12 Oktoba, hapa kwa mama. Mzee Waisiko, mdogo wake baba, atakisimamia. Ukiwa na neno, njoo ulitoe kwa mdomo wako. Mwanaume hajifichi nyuma ya stempu.

Na hiyo kazi yako ya stoo haina likizo?

Kaka yako,
Zablon


Njombe
28 Septemba 2024

Mama Elieth,

Kurasa zinazofuata ni za kikao. Zisome wewe mwenyewe, kwa sauti. Usimpe Zablon asome, atameza mistari. Ndani yake nimeweka lile jambo la Daktari. Nilitaka kukuambia wewe peke yako tukiwa tumekaa. Nisamehe utalisikia kwanza kutoka kinywani mwako mwenyewe mbele ya watu.

Kisyeri

*

Kwa mama yangu mzazi, kwa baba mdogo Waisiko, kwa kaka Zablon na wote waliokaa.

Shikamooni.

Sikufika kwa sababu ya kifungo cha geti. Zablon amesema mwanaume hajifichi nyuma ya stempu, basi leo natoka nyuma ya stempu mzima mzima. Mimi si mtunza stoo. Mimi ni mkamuaji wa madume ya nguruwe. Nayakamua kwa mkono huu ninaoandikia. Anayetaka kucheka acheke sasa, amalize, anisikilize.

Mmemaliza?

Kazi hii imenifundisha jambo ambalo darasani sikulifikia, maana mnajua niliishia la sita. Jike la nguruwe lina mayai, na mayai yake yote ni ya namna moja. Hayachagui. Dume ndilo lenye mbegu za namna mbili zilizochanganyika, za kuzaa majike na za kuzaa madume. Yai linapokea tu ile iliyowahi. Ndiyo maana mashine inachuja mbegu za dume. Hakuna mashine ya kuchuja jike, kwa sababu kwa jike hakuna cha kuchuja.

Nilimwuliza Daktari Eunice, je, binadamu? Akasema, "Hata binadamu, Kisyeri. Hata ng'ombe." Nikaweka ndoo chini. Nimekaa na neno hilo tangu mwezi wa sita, nikaona haya kulitoa.

Leo nalitoa. Wasichana wanne wa nyumba yangu wametoka kwangu. Kosa ni langu, si la Ghati. Mmemwita duka lililofungwa. Kama kuna kosa, ni kosa langu mimi Kisyeri. Mwanamke ni shamba. Ukipanda mtama ukavuna mtama, hulipigi shamba, hulitafutii shamba jingine la kulisaidia. Uliza nani alibeba mbegu. Nilibeba mimi.

Basi hata mkileta Robhi kumi, hamtakuwa mnaitibu nyumba ya Ghati, kwa sababu haiumwi. Kosa ni la mwanaume na hamna dawa ya kumpa, na mimi siiombi.

La pili. Sawa niliyosema kwenye simu ilikuwa ya mabati. Naiondoa mbele yenu. Kwa mila zetu ng'ombe wa binti ni wa baba yake, na baba yake ni mimi, niko hai. Siwapokei. Elieth anasoma. Daudi achukue ng'ombe wake kabla hawajazoea zizi.

Mama, najua hili litakuumiza. Utaniombea hata hivyo.

Kisyeri, kwa mkono wake


Nyamwaga
19 Oktoba 2024

Baba Elieth,

Nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye gunia, maana viti vyote vilikwenda kwenye kikao na havijarudi.

Elieth nilimwambia kabla, kama ulivyotaka. Hakulia. Alichukua lile panga la majani akalirudisha kwa baba yake mkubwa, akasema, "Shikamoo. Panga lenu." Wale ng'ombe wakakaa siku mbili wanalia njaa, Zablon akawa anauliza wana ugonjwa gani.

Jumamosi walikuja watu kumi na moja. Mzee Waisiko katikati, mama mkwe kwenye mkeka wake, mimi mlangoni. Zablon akanyoosha mkono, "Lete barua, nisome." Nikasema imeandikwa nisome mimi. Akasema, "Tangu lini mwanamke anasoma kikaoni?" Mzee Waisiko akasema, "Miwani yangu imevunjika, yako huna, acha asome twende tukale."

Nikasoma. Ulipoandika wacheke, walicheka kweli. Mmoja alicheka mpaka akatoka nje. Zablon akasema, "Sikieni! Mkamua nguruwe ndiye anatufundisha kuzaa!" Nilipofika uliposema mmemaliza, wakanyamaza wote kwa pamoja, kama vile uko pale dirishani. Hapo nilikupenda, sikufichi.

Nikaendelea na habari ya mbegu. Mzee Waisiko akaniuliza, "Hiyo mashine, Musoma ipo?" Nikamwambia haipo. "Inachuja na watu?" Nikamwambia hapana, baba mdogo, nguruwe tu. Akasikitika wazi wazi.

Ndipo mama mkwe akasema, "Rudia."

Nikamwuliza wapi.

"Hapo pa mayai kutochagua."

Nikarudia. Akasema, "Tena." Nikarudia mara ya tatu. Zablon akaanza, "Mama, hayo ni mambo ya—" Akamwambia nyamaza, bila kumtazama. Akamgeukia mzee Waisiko.

"Shemeji, wewe ulikuwa unaishi hapa. Nilizaa wasichana wangapi kabla ya huyu?"

"Watano."

"Kaka yako alinipiga mara ngapi?"

Mzee akaangalia fimbo yake. "Shemeji, hayo ni ya zamani."

"Meno yangu mawili nayo ni ya zamani. Hayajarudi."

Kisyeri, miaka kumi na nane nimeishi na mama yako, nilidhani meno yale yalitoka kwa uzee. Akasema tena, polepole, kama anayesoma yeye, "Kumbe alikuwa anajipiga mwenyewe, na mimi ndiye niliyekuwa navimba."

Nikaona nisipoingia hapo sitaingia tena. Nikamwuliza mzee Waisiko, "Baba mdogo, katika nyumba ntobhu, anayeoa ni nani?"

"Ni mwanamke mwenye nyumba."

"Mwenye nyumba hii ni nani?"

"Ni wewe."

"Mwanaume anaweza kuoa kwa niaba yangu?"

"Haijawahi kutokea."

"Basi mimi sioi."

Zablon akasimama. Akasema ng'ombe wameshakula majani yake, wameshakunywa maji yake. Mzee akamwambia, "Baba wa binti amekataa, mwenye nyumba amekataa. Wewe umebaki na nini, majani?" Wakacheka tena, safari hii si kwako. Mama mkwe akainuka, akaenda zizini na mkongojo wake, akaitoa miti ya mlango mwenyewe, mmoja mmoja. Hakuna aliyemsaidia wala aliyemzuia. Jumatatu Daudi alileta lori. Alitutukana kutoka Nyamwaga mpaka barabara ya Sirari, lakini ng'ombe walipanda.

Usidhani mama amegeuka malaika. Aliponipita mlangoni alisema, "Usifikiri nimekupenda. Mjukuu wa kiume bado namtaka." Nikamwambia namtaka na mimi, akija mwenyewe. Kisha akaomba ule ukurasa wa mayai. Amekunja ameweka kwenye Biblia yake, na kusoma hajui.

Robhi amerudi kwao. Alinishika mkono kwa mikono miwili.

Sasa nikuambie ambalo hutalipenda. Barua yako sikuisoma yote kama ulivyoandika. Umeandika kosa, kosa, kosa. Kosa ni langu, si la Ghati. Wasichana wako wote wanne walikuwa nyuma ya ukuta wa jikoni wanasikiliza, Tabitha amekaa mgongoni mwa Mogesi. Nimsomee mtoto kwamba yeye ni kosa la baba badala ya kosa la mama? Umelihamisha tu kutoka mgongo wangu ukalitia kwenye wako, lakini mzigo wenyewe ni wao. Kila ulipoandika kosa ni langu nilisoma, "Wametoka kwangu." Na ile habari ya mwanamke ni shamba niliiruka kabisa. Mimi si shamba. Mashamba hayachoki na hayajibu.

Badala yake nikaweka uliyoniandikia mwezi wa nane, kwamba kwenye mwanga ile ya kike ndiyo inang'aa zaidi. Nilisema imo kwenye barua. Regina akapiga kelele huko nyuma, "Nilijua!"

Gharama yake ni hii. Zablon amelichukua shamba la migomba la bondeni. Amesema ni la wenye watoto wa kiume. Ameng'oa mpaka ule mgomba niliopanda mwaka jana. Na jioni ile alisimama njiani akanipigia kelele watu wakisikia: "Mwulize mumeo! Siku akifa huko kwa nguruwe, nani atamchimbia kaburi?"

Nilitaka kumjibu. Nimekuachia wewe, ni ndugu yako.

Ghati


Njombe
3 Novemba 2024

Kaka Zablon,

Shikamoo.

Ghati ameniandikia yote. Naanza na shamba. Shamba la bondeni baba alinigawia mbele ya mzee Waisiko na mbele yako, na mimi nilikuwa nimeshaoa. Geti likifunguliwa nakuja, na nitakwenda baraza la kata kabla sijafika nyumbani kunywa maji. Ukitaka kumaliza kindugu, ondoka kabla. Badala ya mgomba uliong'oa, panda mwingine pale pale.

Najua ulifikiri unanisaidia. Uliniandikia habari ya baba na kifundo cha mkono, nikaisoma mara nyingi. Sikuwahi kujua alisema hivyo. Lakini baba hakukuambia unipatie mtoto kwa kumwuza mtoto wangu. Ameshasema mama meno yalikokwenda. Mimi na wewe tulilala nyumba ile ile tukasikia, tukavuta blanketi. Usiniambie hukusikia.

Mnasema bila mtoto wa kiume jina langu halitatajwa. Msilitaje. Likiisha, liishe. Madume huku yana majina mazuri kuliko langu, yameandikwa kwenye kibao juu ya banda, na siku yanapochoka yanapakiwa kwenye gari. Sitamtoa Elieth shule ili jina langu libaki mdomoni mwa watu wanaokunywa.

Nilikiandikia kikao kwamba kosa ni langu. Hilo nalifuta. Mke wangu amelifuta kabla yangu na amefanya vizuri. Sijakosea kitu. Nina watoto wanne, wametoka kwangu na kwa Ghati, na hakuna anayepungua.

Umeuliza mbele ya watu nani atanichimbia kaburi. Umenisumbua kidogo, sitadanganya, nimebeba swali hilo siku tatu nikisafisha mabanda. Kisha nikawahesabu. Wanne, wana mikono minane. Wewe mwenyewe umewaona wakilima palizi, unajua kama inatosha. Nikifa, wape sururu na uondoke njiani.

Mdogo wako,
Kisyeri
baba wa Elieth, Regina, Mogesi na Tabitha